Nimenunua kiwanja kinachopakana na makaburi hapa Mbeya. Wabuddha walinifundisha kitu kuhusu ujirani huu

Ukungu wa Loleza (mleta mada)

Ugonile wakuu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Miezi mitatu iliyopita nilinunua kiwanja pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Udongo mzuri, bomba la maji limefika, barabara inapitika hata masika, na asubuhi ukungu ukishapanda unauona mlima Loleza wote. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya viwanja vya mtaa wa pili. Sababu ni moja: upande wa mashariki kinapakana na makaburi ya mtaa. Kati ya mpaka wangu na kaburi la kwanza kuna njia ya miguu na safu ya mikaratusi, basi.

Nyumbani hapakukalika. Mke wangu alinyamaza siku mbili. Mama mkwe alipiga simu kutoka Tukuyu kuuliza kama kweli nataka wajukuu zake walale makaburini. Kaka yangu akasema uza hata kwa hasara. Dalali naye, siku ya kukabidhiana karatasi, aliniambia nisiwaambie wageni mapema, nisubiri wazoee nyumba kwanza. Neno hilo la dalali liliniuma kuliko mengine, kwa sababu lilinifanya nijisikie nimenunua aibu.

Sasa nirudi nyuma. Niliwahi kusoma Thailand miaka miwili, mambo ya mbegu za mpunga. Dirisha la chumba nilichopanga lilitazama ua wa hekalu, na ndani ya ua kulikuwa na jengo jeupe lenye ngazi na dohani ndefu. Nilidhani ni jiko la watawa. Wiki ya kwanza nikaona watu waliovaa nyeusi wanapanda ngazi zile mmoja mmoja, kila mtu na ua dogo la kutengenezwa mkononi, wanaliweka penye jeneza na kushuka. Baadaye moshi ukaanza kupanda. Ndipo nilipoelewa kwamba jirani yangu ni tanuri la kuchomea maiti.

Sikulala vizuri karibu mwezi mzima. Kilichonituliza ni kuona wenyewe wanavyoishi. Mahekalu mengi ya mitaa kule yana jengo hilo. Jina lake limetokana na Meru, mlima ambao masimulizi ya kale ya Kihindi yanauweka katikati ya ulimwengu (si Meru yetu ya Arusha, ingawa sikio langu lilidaka hivyo). Maana yake marehemu hapelekwi kuchomwa uchochoroni, anapandishwa mlimani. Kabla ya hapo mwili hukaa siku tatu, tano au saba, na kila jioni watawa wanne huketi mstari mmoja kumsomea maandiko. Watawa wenyewe wanalala hatua chache kutoka pale. Watoto wanacheza uani. Jioni za sikukuu watu wanauza vyakula humohumo.

Mtawa mmoja mzee aliona naangalia sana ile dohani, akaniita tukazungumza. Kuanzia hapo nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni hiki.

Tangu enzi za Buddha, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, walikuwapo watawa waliochagua kuishi kwenye viwanja vya maiti. India ya wakati ule maiti nyingine zilichomwa, nyingine ziliachwa juu ya ardhi. Kuishi huko kulikuwa moja ya desturi 13 za kujinyima ambazo mtawa huzichukua kwa hiari yake. Wengine hata majoho yao waliyashona kwa vitambaa walivyookota makaburini. Katika karne ya 5 mwanazuoni aitwaye Buddhaghosa, akiwa Sri Lanka, aliandika maelekezo ya desturi hizo katika kitabu chake Visuddhimagga, yaani Njia ya Utakaso.

Wakuu, maelekezo yale yana busara ya mtu aliyewahi kukaa pale. Kwanza mahali hapawi makaburi kwa kuitwa tu makaburi. Ni pale ambapo maiti imeshachomwa, na ikishachomwa hata moja, pakae miaka 12 bila kutumika, bado ni makaburi. Mtawa asijiendee tu: atoe taarifa kwa mkuu wa watawa au kwa mwakilishi wa mfalme. Apite njia ya pembeni, si barabara kuu. Asile nyama, samaki, maziwa, unga wa ufuta wala sukari, kwa kuwa vinapendwa na viumbe wasio binadamu. Viumbe hao wakizunguka usiku wanapiga kelele, asiwarushie kitu. Asijenge vibanda na kupanga viti na maji ya kunywa akageuza pale ukumbi wa mahubiri. Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: kukiwa bado mchana aangalie kila kitu kilichopo na akijue, ili usiku kisije kikajigeuza kitu cha kutisha.

Hakuandika "acha woga". Alijua woga utakuja, akampa mtu kazi ya kufanya kabla haujafika.

Na lengo la kukaa kule halikuwa ushujaa. Buddha aliwafundisha watawa tafakuri tisa za maiti: iliyovimba na kubadilika rangi, inayoliwa na kunguru na mbwa, mifupa yenye nyama iliyoshikwa na mishipa, mpaka mifupa myeupe kama kombe, na mwisho vumbi. Kila hatua mtawa anaurudia mwili wake na kusema: na huu pia una asili hiyo, utakuwa hivyo, hautaepuka.

Nisiwadanganye kwamba Wabuddha wote wanapenda kukaa jirani na maiti. Watu wa kawaida Thailand wanaogopa mizimu sana, hata mwenye nyumba wangu hakupita pale ua usiku. Na yale ya Wachina kuhesabu upepo na mwelekeo wa nyumba wakakwepa makaburi, hiyo ni elimu yao ya kale, haikutoka kwa Buddha.

Ninaloliona mimi ni hili. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu kama mama mzazi, kwake Tukuyu kaburi la baba mkwe liko kwenye migomba, hatua kumi kutoka jikoni. Limejengwa kwa vigae. Jioni anaanikia mahindi pembeni yake. Hajawahi kuogopa. Sisi Wanyakyusa tumezika nyumbani toka enzi za mababu. Kwa hiyo hatuogopi makaburi. Tunaogopa marehemu wa watu wengine.

Naomba mawazo yenu, hasa mliojenga maeneo ya aina hii. Nawasilisha.

Fundi wa Uyole

Mkuu umeandika vizuri, ila kabla ya Buddha anza na ofisi ya ardhi ya halmashauri. Waombe ramani ya mipango miji ya eneo hilo. Makaburi yakijaa hupanuliwa, na nimeona mtu ameshafika kwenye lenta ndipo anaambiwa kiwanja chake kimo ndani ya eneo la akiba la makaburi. Karatasi ya serikali ya mtaa peke yake isikutoshe.

La pili, usichimbe kisima. Tumia hilo bomba. Kama mteremko unatoka makaburini kuja kwako, chimba mfereji mpakani uyapeleke maji ya mvua barabarani. Mikaratusi usiikate, inakukinga na upepo, lakini msingi usogeze mbali nayo.

Ukungu wa Loleza

Ndaga fijo fundi. Ardhi nitakwenda Jumatatu. Na umenikumbusha kitu: hata yule mtawa wa zamani aliagizwa kutoa taarifa kwanza. Kitabu hichohicho kinatoa sababu mahali pengine, pale mtawa anapokwenda kutazama maiti: wezi wakikimbizwa hutupa mali karibu naye, watu wakija wanamkamata yeye. Mkuu wa hekalu akiwa na taarifa atamtetea.

Mlinzi wa Sala

Mleta mada, sina ugomvi na wewe, ila naogopa jambo moja. Unaanza na kutazama kaburi, unaishia kuwapikia mizimu. Abasyuka, yaani mizimu ya wazee, wameturudisha nyuma kiasi cha kutosha huku Rungwe. Mkristo ana ulazima gani wa kujifunza kifo kwa Wabuddha?

Ukungu wa Loleza

Swali la haki kabisa, nitalijibu bila kuficha.

Wabuddha wengi wanawapa wafu sehemu. Kuna shairi lao la kale linalosema wafu wenye njaa wanarudi kusimama nje ya kuta na kwenye njia panda. Huko waliko hakuna kilimo, hakuna ng'ombe, hakuna biashara, wanaishi kwa kinachotolewa na walio hai. Kwa hiyo ndugu hutoa chakula kwa watawa, na thawabu yake wanamwelekezea marehemu. Japani mwezi Agosti, maeneo mengi, wana sikukuu ya Obon ambapo roho za wazee hukaribishwa nyumbani. Mimi hayo siyafanyi, nimelelewa Moravian na bado ni Moravian.

Lakini wewe ukiwa wa Rungwe unajua kanisa letu. Alfajiri ya Pasaka tunaamkia wapi? Makaburini. Giza bado, baridi inauma, tarumbeta zinapigwa, tunasimama katikati ya wafu wetu kungoja jua. Desturi hiyo Wamoravian waliianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watu wa kanisa hilo. Nilipokuwa mtoto ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo makaburi hayakunitisha. Thailand ilinifundisha kujiuliza kwa nini iwe siku moja tu.

Mlinzi wa Sala

Hilo la Pasaka limenigusa. Nimekuelewa.

Msafiri wa Makambako

Na sisi Waislamu tumehimizwa kuzuru makaburi kwa sababu yanakumbusha akhera. Ukiingia unawatolea salamu waliomo. Ila ninachotaka kuuliza ni cha vitendo: usiku wa manane umesikia kitu, moyo unakwenda mbio, hizo tafakuri zinasaidia nini? Mimi nimewahi kulala nyumba ya kupanga jirani na makaburi nikahama baada ya wiki mbili.

Ukungu wa Loleza

Mkuu, nina visa viwili.

Cha kwanza ni cha Buddha mwenyewe kabla hajapata mwanga. Alitaka kuijua hofu, kwa hiyo usiku ambao watu waliuona mzito, wa siku ya nane, ya kumi na nne na ya kumi na tano ya kila nusu ya mwezi, alikwenda kukaa kwenye vichaka na miti iliyoogopwa. Anasimulia kwamba mnyama alikuja, au tausi alivunja kijiti, au upepo ulivuma kwenye majani makavu, naye akawaza: hii ndiyo ile hofu inakuja. Akaamua kutobadili mkao. Hofu ikimkuta anatembea, anaendelea kutembea mpaka imtoke. Ikimkuta amekaa, anabaki amekaa. Tazama kilichomtisha: tausi, kijiti, majani. Mtu mwenyewe anakiri.

Cha pili ni cha Ajahn Chah, mtawa wa misituni wa Thailand aliyeishi 1918 hadi 1992. Alijilazimisha kwenda kulala mahali pa kuchomea maiti, akiogopa sana. Usiku wa kwanza kililetwa kitoto kikachomwa karibu naye. Siku iliyofuata akaletwa mtu mzima. Usiku akasikia hatua zinatoka upande wa moto zinamjia, zinazunguka, zinasimama. Alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua maishani. Halafu akajiuliza ndani: unaogopa nini? Kifo. Kifo kiko wapi? Kimo ndani yangu. Basi ukikimbia utakwenda nacho, ukikaa unacho. Hofu ikamtoka. Baadaye mvua ikanyesha, akalia peke yake.

Mimi sijafika huko. Lakini lile swali la "kiko wapi" nimelitumia, na limenifaa.

Binti Kalenga

Kamwene wote. Nimesoma uzi huu mara mbili, nikaona na sisi Wahehe tuseme.

Mimi nimekua Kalenga, jirani na makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, mtemi wetu aliyepigana na Wajerumani. Alijiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate hai, kichwa kikakatwa, wakaenda nacho kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa na kifungu cha kulidai fuvu hilo, lakini liliporudi ilikuwa 1954, Gavana Twining alipolikabidhi. Kiwiliwili kiko Mlambalasi. Wageni wakija wanaliangalia kwa hofu au wanapiga picha upesi wakatoke nje. Sisi tulipitishwa pale wadogo, bibi akatuambia msalimieni.

Sasa mleta mada anapoeleza watawa wanaotazama mifupa na kusema "na huu wangu utakuwa hivyo", nimeona tofauti. Sisi pale hatukufundishwa kuwaza miili yetu. Tulifundishwa kuwaza deni, kwamba watu walitumia zaidi ya miaka hamsini kumrudisha mtu wao. Fuvu la Mbuddha linaweza kuwa la yeyote. La kwetu lina jina. Sisemi moja ni bora. Ila mtu anayeishi jirani na makaburi huko Mbeya ana vyote viwili: yale yasiyo na jina tena, na yale ambayo ndugu wanakuja kila mwaka kupaka chokaa.

Hata hapa Iringa mjini yapo makaburi ya wanajeshi wa vita vile viwili vikuu, watu waliokufa mbali na kwao. Nyasi zinakatwa, mawe yamenyooka. Sijawahi kusikia jirani wa pale akisema ana nuksi.

Ukungu wa Loleza

Dada, hilo la deni sikuliona kabisa. Asante sana. Watawa wale walikuwa wameacha ukoo na nyumba, ndiyo maana maiti yoyote iliwatosha. Sisi tuna ukoo. Inabidi nilifikirie upya.

Mama wa Migomba

Mimi si mwandishi, mnisamehe. Nyumba yangu inatazamana na makaburi, Ilomba huku, na mwanangu amelala pale toka mwaka juzi. Watu wananiambia hama, utapona haraka. Kila asubuhi kabla sijafungua genge napita kwanza kwake. Nimesoma hayo ya kutazama mifupa nikafunga simu. Siwezi kumuwazia mwanangu hivyo. Huyo Buddha wenu angeniambia nini mimi?

Ukungu wa Loleza

Mama, pole sana. Ni mimi wa kuomba msamaha, niliandika kana kwamba kila msomaji ana kaburi la mbali.

Zile tafakuri hazikuwekwa kwa ajili ya mama aliyefiwa. Hata Buddhaghosa anasema zinawafaa watu wa tabia fulani, wale wanaosumbuliwa na tamaa. Kwa mtu wa hali yako kuna kisa kingine kabisa. Mwanamke aitwaye Kisa Gotami alifiwa na mwanawe wa pekee, akawa anazunguka naye akiomba dawa. Watu walimwona amerukwa na akili. Buddha hakumwambia mtoto amekufa, wala hakumpeleka makaburini akatazame. Alimwambia: niletee punje za haradali, lakini zitoke nyumba ambayo hajafa mtu. Haradali ilikuwa kila nyumba. Akabisha hodi ya kwanza, wakampa, kisha wakamwambia tumefiwa na baba. Ya pili, na mtoto. Ya tatu, hivyohivyo. Mpaka jioni alikuwa ameingia nyumba nyingi, na kila nyumba ilikuwa imemsimulia mtu wake. Ndipo alipoweza kumpeleka mwanawe mahali pa maiti na kumwacha.

Mimi nilichokishika ni kwamba hakuponywa na hotuba. Alipita nyumba hadi nyumba akisikilizwa na kusikiliza. Wanaokuambia uhame wanakupenda, lakini sioni ubaya wa kupita kwa mwanao asubuhi kisha ukafungue genge. Genge unalifungua, mama. Hilo nimelisoma kwenye maneno yako.

Mama wa Migomba

Kila nyumba. Ni kweli, hata wateja wangu, kila mmoja ana wake. Asante mwanangu. Ukihamia nitakutafuta, hatuko mbali.

Binti Kalenga

Mama pole. Nitakukumbuka.

Ukungu wa Loleza (mrejesho baada ya wiki sita)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Ardhi nilikwenda. Ramani inaonyesha makaburi yanapanuka upande wa kaskazini, si kwangu. Mfereji nimechimba kama fundi alivyoelekeza. Tumejenga vyumba viwili vya kuanzia na tumehamia.

Jumapili ya kwanza baada ya ibada nilimwambia mke wangu tufanye lile agizo la mchana. Tukawachukua watoto wote watatu, tukaingia makaburini taratibu, kofia mkononi. Tukasoma majina yaliyosomeka. Yapo makaburi madogo mengi, ya miaka ileile. Mwanangu wa pili aliuliza kwa nini, nikamjibu nilivyoweza. Tuliangalia kichuguu kilichoinama, kisiki cha mkaratusi kilichoungua, msalaba wa mbao ulioanguka, tukausimamisha. Langoni kuna bati lililolegea msumari mmoja. Mdogo wao alilisukuma likalia, akalisukuma tena.

Mama mkwe alikuja wiki iliyopita. Hakuzungumza mengi. Asubuhi nikamkuta amesimama mpakani anatazama yale makaburi madogo, akauliza kama kuna anayeyapalilia. Nikamwambia sijui. Akaomba jembe.

Juzi usiku upepo wa Julai ukavuma kutoka mlimani, mikaratusi ikaanza kupiga mluzi, kisha ukasikika mgongano kama mtu anapiga mlango. Nilikuwa macho, na mwili wote ulinisisimka, sifichi. Kutoka chumba cha watoto nikamsikia yule mdogo anamwambia dada yake, kwa sauti ya usingizi, "Ni bati la langoni," akageuka upande akalala.